Niliigeuza Siri ya Mjane Kuwa Hadithi, Binti wa Watu Akaondolewa

Nimekosa. Naanza hapo hapo, kwa sababu nikianzia kwingine nitazunguka mpaka mchoke, najijua. Nimekosa kwa kusema, halafu nikakosa tena kwa kunyamaza, na hilo la pili ndilo linaloniamsha alfajiri hata kabla ya jogoo.

Mimi ni bibi wa huku milimani Usambara, upande wa Lushoto. Jina naliacha. Shule niliishia darasa la tatu, maana baba alisema msichana akijua kusoma barua atasoma na barua za wanaume. Kuandika nimekuja kumalizia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mkiona maneno yangu yamelala upande mnivumilie.

Kijijini nafahamika kwa hadithi. Watu wakizika, watoto wanaletwa kwangu niwatulize. Watu wakiozesha, wanawake wananikalisha katikati jikoni, sufuria zinaungua mimi naongea. Sijisifu. Au basi, najisifu kidogo. Kujisifu huko ndiko kulikoniponza, jamani!

Sasa sikilizeni.

Mjini kuna shirika linalotetea haki za watu: wajane, wanaonyang'anywa mashamba, wanaowekwa ndani bila kosa. Kila likizo ndefu ya vyuo vikuu linachukua wanafunzi wa sheria wawili au watatu wajifunze kazi. Huku tunasema wamekuja fildi. Wanaoomba ni wengi kama siafu, wanaopata ni hao hao wawili watatu. Na aliyefanya vizuri, wakubwa wanamwandikia ripoti nzuri, akimaliza chuo anaitwa kazini.

Mwaka juzi, miezi ya baridi, mwenyekiti wa kijiji akaniletea mmoja. Nitamwita Eliza, siyo jina lake.

"Shikamoo bibi," mwenyekiti akasema. "Nimekuletea mgeni wa wiki nane. Wametaka nyumba isiyo na pombe wala mwanamume."

"Marahaba. Huyu mtoto mbona anatetemeka, ana homa?"

"Hana homa. Ametoka Singida. Ni mwanasheria."

"Mwanasheria gani hana hata sweta?"

Binti akacheka, meno yanagongana. Akapiga goti kabisa kwenye tope la mlangoni pangu, akasema, "Shikamoo bibi. Bado siyo mwanasheria. Naomba tu nisife kwa baridi kabla sijawa."

Nilimpenda hapo hapo. Nikamtolea koti la marehemu mume wangu, lile la mvua, alilonunua alipokuwa akifanya kazi kwenye chai huko Bulwa. Hilo koti lina habari yake ndefu, siku nyingine. Likamfika magotini. Wiki ya kwanza alikuwa akishuka mabondeni kwa makalio, watoto wanamfuata nyuma wanashangilia. Wiki ya tatu anapanda na ndoo kichwani, hashiki kitu. Mtoto wa nchi tambarare! Majirani wakaanza kumwita mjukuu wangu, nami sikuwasahihisha.

Aliniambia mwaka wa kwanza aliomba nafasi ile wakamkataa. Mwaka wa pili wakamkataa. Wa tatu, ujumbe ulipoingia kwenye simu, alipiga ukelele bwenini mpaka wenzake wakapanda vitandani wakidhani kuna nyoka. "Bibi," akasema, "kwetu hakuna aliyewahi kufika hapa. Nikiharibu, hakuna wa kunisaidia kupanda tena."

Hayo maneno aliniambia mimi, kwa mdomo wake, tumekaa jikoni tunaota moto. Kwa hiyo nisije nikasema sikujua.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza watu na kuandika. Sasa shida ikaja: wanawake wetu wazee wakiwa na uchungu, Kiswahili kinawakimbia. Wanaanza kwa Kiswahili cha ofisini, kwenye kiini cha habari wanaingia Kishambaa, na binti wa Singida anabaki na kalamu hewani. Mkubwa wake, mama mmoja mwanasheria mwenye sauti ya upole na macho makali, akakubali niwe mkalimani.

Mimi! Darasa la tatu! Nikasomewa karatasi kwamba ninayoyasikia yanabaki pale pale. Nikatia sahihi. Siyo dole gumba, sahihi! Jumapili ile kanisani niliimba kwa sauti mpaka mwalimu wa kwaya akageuka kunitazama.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Mama Hadija. Mume wake alifariki, na arobaini ilipopita tu, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akasema shamba ni la ukoo, mjane arudi kwao. Shamba lenyewe liko ukingoni, unaona nyika yote chini kama umeishika mkononi. Shemeji alikuwa ameshapata mtu wa kumuuzia, ajenge nyumba za watalii. Mama Hadija alisema shamba lile mumewe hakulirithi, aliuziwa na mtu, na siku ya kukabidhiwa walipanda masale, ile mimea ya majani marefu, mpakani. Huku kwetu masale hayo ndiyo hati. Mtu hang'oi sale la mwenzake, ni mwiko, labda ametaka kulaaniwa.

Lakini masale hayasemi yamepandwa na nani. Anayesema ni shahidi. Na mashahidi wote wamekufa, ndivyo shemeji alivyoamini.

Siku moja mchana Mama Hadija akainama, akanong'ona kwa Kishambaa. Nikamfasiria Eliza neno kwa neno: mmoja yupo. Mzee aliyeuza shamba lenyewe na kupanda masale kwa mkono wake. Alihamia kule chini Mnazi miaka mingi, jicho moja limeingia ukungu, lakini kichwa kizima. Amekubali kuja kusema.

Eliza aliruka! Akampigia mkubwa wake. Wakapanga: baraza la ardhi likija kuliona shamba, gari la ofisi litashuka Mnazi asubuhi hiyo hiyo, limpandishe mzee asimame mbele ya masale yake. Mpaka siku hiyo, kimya.

"Bibi," Eliza akaniambia, "hili tukiliharibu, shamba limekwenda. Na mimi nimekwenda."

"Mjukuu wangu," nikasema, "mimi ni kaburi."

Kaburi! Kaburi lenye mlango!

Sasa nimtaje Mama Yona. Tumekua pamoja. Tulipata kipaimara siku moja, tumevaa gauni za kitambaa kimoja. Nilipojifungua wa kwanza yeye ndiye aliyenishika mkono, mkunga kakwama ng'ambo ya mto, mvua imeondoa daraja la miti, basi nikapiga kelele mpaka... haya, hayo yaacheni. Nataka mjue tu huyu hakuwa mtu wa njiani. Alikuwa mimi wa pili.

Ni kweli binti yake ameolewa na yule shemeji wa Mama Hadija. Nilijua. Nilijiambia ukwe ni ukwe, usuhuba wetu ni mkubwa kuliko ukwe. Mjinga mimi!

Alikuja Ijumaa mchana kunisaidia kumenya maharage. Eliza alikuwa ametoka. Tukamenya, tukamenya, halafu Mama Yona akaanza.

"Siku hizi umekuwa mzungu. Mkalimani! Hutuambii kitu."

"Nimetia sahihi, mwenzangu."

"Heee! Sahihi! Basi hata hadithi huna tena? Wameziweka kwenye karatasi nazo?"

"Hadithi ninazo."

"Unazo wapi wewe. Umekauka. Zamani ungekaa hapa ungenichekesha mpaka nijikojolee. Sasa unamenya maharage kama unamenya misumari."

Akanigusa palepale panapouma. Mtu aliyekujua tangu ukiwa na meno ya utoto anajua pa kukugusa. Na mimi, ole wangu, nikajidanganya kwamba hadithi siyo siri. Sitataja jina la mtu. Sitataja kijiji. Nitasema hapo kale. Nani atalaumu hapo kale?

"Paukwa!" nikasema.

"Pakawa!" Mama Yona akaitikia haraka, akaweka ungo pembeni. Aliweka ungo pembeni, na mimi nikaona ni heshima kwa hadithi yangu!

Nikampa. Nikasema palikuwa na sungura jike mjane, fisi akataka shimo lake. Nikasema fisi alidhani wanyama wote walioona shimo likichimbwa wamekufa, kumbe kobe mmoja yupo, kobe mzee mwenye jicho la ukungu, amehamia chini nyikani kwenye joto, naye ndiye aliyepanda masale mlangoni. Nikaigiza sauti ya kobe. Nikaigiza fisi anavyotoa macho siku kobe atakapotokea. Mama Yona alicheka, akapiga mapaja, machozi yakamtoka.

Halafu akauliza, akiwa bado anafuta machozi, "Na huyo kobe anapanda mlima lini?"

"Jumanne," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Kwenye hadithi za kale hakuna Jumanne, jamani! Neno lilikuwa limeshatoka na limefika. Mama Yona akachukua ungo wake, akamenya maharage mawili matatu, akasema amesahau mboga motoni.

Sikulala vizuri siku zile tatu lakini nilijipa moyo. Si rafiki yangu? Si sungura na fisi tu?

Jumanne ukungu ulikuwa mzito. Baraza likafika, watu wakajaa ukingoni, Mama Hadija amevaa kanga mpya. Kwenye mpaka palikuwa na mashimo. Masale yote yameng'olewa, udongo bado mbichi, mizizi imetupwa bondeni. Watu wazima walishika vinywa. Nimeishi umri wote huu, sijawahi kuona mtu anang'oa masale mstari mzima!

Tukasubiri gari la Mnazi. Likaja saa sita, ndani dereva peke yake. Mzee hayupo. Dereva akasema Jumapili walikuja vijana wakijiita wajukuu zake, wakasema wanampeleka hospitali kuangaliwa jicho. Hospitali gani, majirani hawakuambiwa.

Shemeji alisimama mbele ya baraza, mikono mfukoni, akauliza kwa adabu kabisa, "Waheshimiwa, mpaka uko wapi? Naomba nionyeshwe mpaka."

Mama Hadija alikaa chini kwenye majani. Hakulia. Aligeuka akanitazama mimi, akasema kwa Kishambaa taratibu, "Tulikuwa wanne tu." Eliza akaniuliza, "Anasemaje, bibi?"

Nikamjibu, "Anasema amechoka."

Huo ndio ukalimani wangu wa mwisho.

Alhamisi mkubwa wa ofisi akaja nyumbani kwangu. Akakaa kwenye kiti cha marehemu, chai sikuona akiigusa. Akasema ukimwondoa mzee mwenyewe, waliojua ni yeye, Mama Hadija, Eliza na mimi. Hata dereva aliambiwa asubuhi ile ile. Akasema kuna mtu mzima wa hapa kijijini amepiga simu ofisini kusema Eliza ameonekana mara mbili dukani anakunywa soda na shemeji mtu.

Uongo! Mimi nilijua ni uongo. Jioni zote Eliza alikuwa kwangu, ananisomea magazeti, ananikanda mguu. Na nilijua huyo mtu mzima ni nani. Hakuishia kuniibia siri, akaificha kwa jina la mtoto wa watu.

"Siyo kweli," Eliza akasema. Basi. Akanitazama.

Mkubwa akanigeukia. "Bibi, samahani nakuuliza wewe mtu mzima. Uliongea na mtu yeyote?"

Nikaiona ile sahihi yangu. Nikaona polisi. Nikaona kanisani, mimi mzee wa kanisa ninayekaa benchi la mbele, nasimamishwa mbele ya watu. Eliza akanitazama tena.

"Mimi?" nikasema. "Mimi bibi kizee, nani wa kuniuliza mambo ya sheria?"

Nikacheka kidogo. Mungu wangu, nikacheka!

Eliza angeweza kusema, "Bibi anapenda kuongea," kila mtu angeamini. Hakusema. Akanitazama mara ya tatu, halafu akatazama mikono yake.

Wakamwondoa wiki tatu kabla ya muda. Ofisi haikuthibitisha kwamba ni yeye, mkubwa alisema hivyo waziwazi, ila hawawezi kumwacha kwenye kazi za watu wakati wana shaka. Ripoti nzuri hapo, itoke wapi? Asubuhi ya kuondoka alilikunja koti la marehemu vizuri akaliweka kitandani. Akapiga goti mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," nikasema. Niliipokea shikamoo yake! Kwa mdomo huu huu!

Siku hiyo nilikwenda kwa Mama Yona, mguu unauma, sikujali. Nilimkuta anachambua mboga.

"Umenifanyia nini mwenzangu?"

"Nimekufanyia nini?"

"Siri ya watu uliipeleka kwa mkweo! Na yule mtoto ukamzushia!"

"Siri gani?" Hata hakuinua kichwa. "Wewe ulinipa siri? Ulinihadithia sungura na fisi. Mimi nimemhadithia binti yangu sungura na fisi. Mbona hadithi zako zote watu wanazisimulia na hugombi?"

"Mama Yona, tumepata kipaimara pamoja!"

"Na mimi nina binti. Wajukuu zangu wale nini, kipaimara chetu?"

Miaka sitini na kitu ya urafiki, nikatoka pale kama niliyekuja kuomba chumvi. Tangu siku hiyo tukikutana njiani anasalimia, na mimi naitikia, na hapo ndipo ninapojua jinsi mtu anavyoweza kukuzika ukiwa unatembea.

Lakini sina haki ya kulia sana juu yake. Yeye alinifanyia mimi kile nilichomfanyia Eliza, tena yeye walau alikuwa anatetea wake. Mimi nilikuwa natetea nini? Benchi la mbele!

Nilikaa na jambo hilo mpaka mvua za masika zikapita. Watu wakawa wakiniona wanapunguza sauti. Mama Hadija akipita anavuka upande wa pili wa njia. Mwisho nikapanda gari nikaenda ofisini kwa yule mama, nikamwambia yote, sungura, fisi, Jumanne. Akaandika. Alipomaliza akavua miwani.

"Bibi, asante kwa kuja. Hii nitaiweka kwenye faili la Eliza, na nitamwandikia mwenyewe kumwomba radhi. Lakini nafasi ile ya kazi ilishapewa mwingine. Tumeshaajiri."

"Kama ningesema siku ile?"

"Ungesema siku ile, angebaki."

Shamba la Mama Hadija bado liko kwenye rufaa. Yule mzee wa Mnazi alirudishwa, anasema hakumbuki kitu tena, na mimi siwezi kujua kama ni uzee au ni hofu. Mama wa ofisi amesema nitaitwa kueleza, na nikiitwa nitakwenda, polisi wawepo wasiwepo.

Nikamwomba anipe namba ya Eliza. Akampigia kwanza kumuuliza kama anataka kuongea na mimi. Akakubali.

"Shikamoo bibi," sauti ikaja. "Mguu unaendeleaje?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nyinyi mnanijua sasa. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Ni mimi, mjukuu wangu. Ni mimi niliyesema."

Nikasikia upepo wa huko kwao.

"Najua, bibi. Nilijua siku ile ile. Nilikutazama mara tatu."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nikalia pale ofisini mbele ya watu. Yeye akaniacha nilie, halafu akasema wamemkataa sehemu mbili, kila wakiuliza aliwahi kufanya fildi wapi na kwa nini hakumaliza, anakosa la kusema. Anasaidia dukani kwa mjomba wake. Akasema, "Bibi, simu inaisha." Sijui kama kweli ilikuwa inaisha.

Ndiyo maana naandika gazetini. Wewe mkubwa wa ofisi yoyote ya kutetea watu, likizo ikija ukaletewa barua ya binti wa Singida ambaye hakumaliza wiki zake nane huku milimani, mwulize jina la mkubwa wake wa zamani, umpigie. Atakusomea niliyoyasema. Yule mtoto hakutoa neno la mtu. Hata la kwangu hakulitoa, na lilikuwa na haki ya kutolewa.

Na nyinyi wazee wenzangu mnaokaribisha wanafunzi, mnaopewa karatasi mtie sahihi, mnaopenda kusikilizwa kama mimi: rafiki akikuomba hadithi, mpe ya zamani kweli kweli. Na ukishateleza, siku wanapouliza "ni nani?", sema siku ile ile, wakati mtoto wa watu bado amekaa mbele yako anakutazama.